Ndege wa Wembere: Mwongozo kwa Anayeanzia Choma

Wengi wakisikia habari za kutazama ndege, fikra zao huenda Manyara, Usambara au Udzungwa. Tabora hutajwa kwa asali, tumbaku, maembe na reli. Lakini ukianzia Choma cha Nkola, wilayani Igunga, una bonde la Mto Manonga jirani, una mbuga ya Wembere linakomwagia maji yake, una malambo ya ng'ombe na ngitili, yaani maeneo ya nyasi na miti yanayofungwa kwa msimu, za koo na za vijiji. Ukielekea Nzega na kuivuka, unaanza kuingia katika misitu ya miombo inayokupeleka hadi Tabora mjini, Sikonge na zaidi. Wembere imo katika orodha ya maeneo muhimu kwa ndege duniani inayotunzwa na BirdLife International, ila si hifadhi ya taifa. Haina lango, haina kibanda cha tiketi, haina askari wa TANAPA. Ndege wake wanaishi katikati ya watu, mifugo na mashamba ya mpunga, na hatima yao iko mikononi mwa watu haohao.

Kwa hiyo mwongozo huu una sehemu mbili zilizofungamana: namna ya kuwaona, na namna ya kuwaachia mahali pa kuishi. Nimewaandikia hasa vijana, walimu na wafugaji wa Igunga na Nzega. Mgeni naye anakaribishwa.

Fuata maji kwanza

Kabla ya kushika darubini, elewa maji yanavyokwenda. Manonga hukusanya maji ya mvua kutoka Shinyanga, Nzega na Igunga, kisha huyamwaga Wembere. Hapo ardhi ni tambarare mno, maji hukosa haraka, hutandaa. Yanayobaki huingia Ziwa Kitangiri, hutoka kwa Mto Sibiti na kuishia Ziwa Eyasi. Eyasi halina njia ya kutokea. Hakuna tone la Wembere linalofika baharini.

Jambo hilo lina maana kubwa kwa mkulima wa pamba na mpunga. Dawa inayooshwa shambani, au dumu la dawa lililosuuzwa mtoni, haliendi mbali. Huzunguka ndani ya bonde hilihili, kutoka kwenye matope hadi kwa konokono na samaki, kisha kwa korongo, na kwa binadamu anayekula samaki wa Kitangiri. Bonde lenyewe ni la zamani sana. Wataalamu wa visukuku waliochimba Manonga katika miaka ya 1990 walikuta mifupa ya samaki, viboko na wanyama wa jamii ya tembo walioishi mamilioni ya miaka iliyopita, wakati hapa palipokuwa na ziwa kubwa. Ukisimama Wembere mwezi wa Machi, maji yakiwa yametanda, huhitaji kuambiwa mara mbili kwamba hapa palikuwa uwanda wa ziwa.

Baada ya maji, soma udongo. Wenyeji wanaujua kwa majina yake, na kila udongo una ndege wake. Kwenye luseni, ule mchanga mwepesi wa miinuko, kuna mashamba ya mahindi, mihogo na miembe. Hapo utaona kuzi, njiwa, hondohondo na kanga wa porini. Ukishuka unakuta ibambasi, udongo mgumu ambao maji hayauingii upesi, wenye vichaka vya miiba na nyasi fupi. Hapo ni pa kwale, na pa tandawala, yule ndege mkubwa atembeaye taratibu huku ameinua shingo. Chini kabisa ni mbuga yenyewe, udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunasa miguu masika. Huko ndiko kwenye korongo, yangeyange, bata maji na makundi ya ndege wahamiaji. Ukijifunza kushuka kutoka luseni hadi mbugani katika asubuhi moja, umeshapita makazi matatu tofauti bila kupanda gari.

Wakati wa kwenda

Mvua huanza karibu na Novemba na kwisha Aprili au Mei mwanzoni. Mwanzo wa mvua ndio wakati wa wageni. Korongo wenye tumbo jeupe, wazaliwa wa ukanda wa Sahel, hushuka makundi kwa makundi na kutembea mashambani wakiokota panzi na viwavijeshi. Korongo weupe wa Ulaya nao hufika. Vitwitwi, wale ndege wadogo wenye miguu myembamba wanaokimbiakimbia ukingoni mwa maji, baadhi yao wametoka Urusi na nchi za kaskazini ya mbali, na watarudi huko Machi na Aprili. Mkulima anayewafukuza korongo shambani mwake wakati wa viwavijeshi anamfukuza kibarua asiyedai ujira.

Februari hadi Aprili ndio wakati wa mazalio mbugani, na ndio wakati mgumu wa kufika. Udongo mweusi ukilowa hauna huruma kwa bodaboda wala kwa gari. Nenda kwa miguu na mtu anayejua vivuko, vaa mabuti ya mpira, na usivuke mkondo usiojua kina chake. Mei na Juni ni miezi mizuri kuliko yote kwa anayeanza: njia zimekauka, maji bado yapo madimbwini, nyasi hazijachomwa. Kuanzia Agosti hadi Oktoba maji hubaki malamboni na mabwawani tu, kwa hiyo ndege wote wa eneo hukusanyika hapo. Huo ni msimu mkavu, wenye vumbi na jua kali, lakini ukikaa kando ya lambo moja kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu utaona mengi kuliko ukizunguka siku nzima.

Chagua lambo ambalo bado lina majani na matete upande mmoja. Kaa upande wa mashariki, jua likiwa mgongoni, usivae nyeupe, usisogeesogee. Ng'ombe wakifika, usiondoke. Yangeyange watakuja nao, kila mmoja akifuata mdomo wa ng'ombe wake ili kukamata panzi wanaorushwa na kwato. Tazama pia migongoni: kuna ndege wa kahawia, mdomo mwekundu au wa njano, anayepanda na kushuka shingoni akitafuta kupe. Huyo ni shashi. Palipo na dawa kali ya kuogeshea mifugo, shashi hupungua, kwa sababu hula kupe waliokwisha kunywa sumu. Mfugaji anayetaka kumbakiza amwulize daktari wa mifugo kuhusu dawa zisizomdhuru ndege, zipo.

Salamu na ruhusa

Wembere ni nyumbani kwa watu. Kuna Wasukuma, Wanyamwezi, Wanyiramba, na kuna Wataturu wanaochunga mbali kidogo na barabara. Mtu anayetembea mbugani na darubini shingoni bila kujitambulisha hudhaniwa mpimaji wa ardhi, au mtu anayetafuta ng'ombe wasio wake. Sungusungu walizaliwa katika mikoa hii ya Tabora na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ya wizi wa mifugo, na bado wana macho.

Anza ofisi ya kijiji, kwa mtendaji au mwenyekiti. Eleza unakwenda wapi, utarudi lini, na kwamba hukamati wala hununui ndege. Njiani, ukimkuta mzee na mifugo yake, simama, salimu kwanza: "Mwangaluka, baba." Ngoja akujibu, uliza habari za nyumbani na za ng'ombe, kisha ndipo umuulize habari za ndege. Ukifuata utaratibu huo utaambiwa mambo ambayo hayamo kitabuni: korongo walitaga wapi mwaka jana, lambo gani limekauka mapema, mbuyu gani una bundi. Ukimlipa kijana akuongoze, mlipe ujira wa siku nzima ya kibarua wa shamba, usipungue.

Vifaa si vingi. Darubini ya 8x42 inatosha: nane ni mara inavyokuza, arobaini na mbili ni kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita, na kioo kipana husaidia alfajiri. Kama huna, anza na macho na daftari. Kitabu kinachotumiwa na wengi ni kile cha Terry Stevenson na John Fanshawe kuhusu ndege wa Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 2002. Kimeandikwa kwa Kiingereza, ila picha zake zinajieleza. Katika simu, programu ya Merlin husaidia kutambua ndege kwa picha na kwa baadhi ya sauti, na eBird hutunza kumbukumbu. Pakua data ukiwa bado mjini, mtandao haupatikani kila mahali.

Nani wa kumtafuta

Wa kwanza ni kasuku mdogo wa Fischer. Makazi yake ya asili ni eneo dogo la kaskazini na kati ya Tanzania, na Nzega na Singida zimo ndani ya eneo hilo. Mwili wake ni wa kijani, uso rangi ya chungwa iliyoiva, mdomo mwekundu, na jicho limezungukwa na duara jeupe. Utamsikia kabla ya kumwona: kundi hupita kwa kasi na kelele nyembamba, hutua juu ya mbuyu au mvumo, kisha kelele hukatika ghafla wanapoanza kula. Hulala na kutaga katika matundu ya miti. Mwaka 1987 alikuwa ndege wa porini aliyeuzwa kwa wingi kuliko wote katika biashara ya kimataifa, na maelfu kwa maelfu walitoka katika nyika hizi wakiwa ndani ya vizimba. Biashara hiyo ilisimamishwa mwaka 1992, na mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi kwa miaka mitatu. Ukiona mtu anaweka ulimbo kwenye vichaka karibu na maji, au anauza kasuku hawa kwenye kizimba gulioni, toa taarifa kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Kukamata ndege wa porini bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009.

Wa pili hana rangi za kuvutia, na pengine ndiyo sababu wapita njia hawamtazami. Ni kuzi wa rangi ya majivu. Kuzi wengine waking'aa kwa buluu na chungwa, huyu ni wa kijivu-kahawia mwili mzima, mkia mrefu, jicho la njano. Hutembea chini ya migunga katika kundi la jamaa, wakati mwingine akiwa amechanganyika na kuzi wenye rangi. Haishi nchi nyingine yoyote duniani isipokuwa Tanzania. Mtalii hutoka mbali sana ili kumwona, nawe unaweza kumkuta nyuma ya shule.

Wa tatu ni korongo taji. Huyu hana haja ya kuelezwa, kila mtu anamjua kwa lile taji la manyoya ya dhahabu. Kinachopasa kusemwa ni kwamba tangu mwaka 2012 amewekwa katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Anahitaji maji ya kina kifupi yenye majani marefu ili ajenge kiota, na nyika wazi ya kutafuta chakula. Dimbwi likilimwa mpunga hadi ukingoni kabisa, kiota hakina pa kukaa. Jozi hushikamana kwa miaka mingi, huchezeana kwa kuruka na kuinamiana, na watoto hufuatana na wazazi kwa miezi. Ukimwona dume na jike wakisimama wima, wakikutazama na kuondoka kwa miguu bila kuruka, umekaribia kiota. Rudi nyuma njia uliyojia.

Kanuni hiyo iende kwa koloni zote za yangeyange, minandi na domomwiko zilizo kwenye miti au matete ndani ya maji. Usisogee karibu zaidi ya mita mia moja. Wazazi wakiruka wote kwa pamoja, jua huunguza vifaranga, na kunguru na mwewe hufanya kazi yao. Picha haifai gharama hiyo.

Kwelea kwelea

Hakuna mwongozo wa ndege wa Wembere utakaoaminiwa na mkulima ukimruka ndege huyu. Jioni, kundi likirudi kulala, angani hupita moshi unaogeuka upande mmoja kwa pamoja. Mmoja ana uzito wa kama gramu 20, hula karibu gramu 10 za mbegu kwa siku, na sehemu kubwa ya chakula chake ni mbegu za nyasi za porini. Lakini nyasi zikiisha na mtama au mpunga ukiwa katika maziwa, fanya hesabu mwenyewe: ndege milioni moja ni tani 10 kwa siku. Familia nzima huingia shambani kuamia tangu alfajiri, na watoto hukosa shule. Anayesema kwelea kwelea ni viumbe wazuri wa kutazamwa bila kuutambua uchungu huo, hajakaa Igunga wakati wa mavuno.

Njia iliyozoeleka ni kunyunyizia sumu aina ya fenthion kwa ndege ya kilimo kwenye mahali wanapolala. Inaua kwelea kwelea wengi kwa usiku mmoja. Inaua pia bundi, kipanga na tai wanaookota mizoga, kasuku na njiwa waliolala vichaka hivyohivyo, na huangukia maji ambayo, tumeshasema, hayana pa kwenda. Nionavyo mimi, sumu iwe hatua ya mwisho kabisa, na kabla yake kuna mengi ya kufanya.

Panda kwa pamoja. Shamba la mtu mmoja lililowahi au kuchelewa hulipia kijiji kizima; mashamba yakiiva wiki moja, hasara hugawanyika. Katika skimu kama ya Mwanzugi kamati ya wamwagiliaji inaweza kulipanga hilo. Tumia mbegu ya muda mfupi ili uvune kabla ya kundi kubwa la vifaranga kuanza kuruka. Kuanzia Februari wapeni vijana kazi ya kukagua vichaka vizito vya migunga na matete: mayai ya kwelea kwelea huanguliwa kwa siku 10 hadi 12 tu, kwa hiyo taarifa ya koloni ikicheleweshwa wiki mbili imepoteza maana. Ipelekeni kwa afisa kilimo mkiwa na jina la mahali na ukubwa wa kichaka kwa makisio ya ekari.

Kuna pia kutega. Wilayani Kondoa watu wamewatega kwelea kwelea kwa nyavu na mitego ya vikapu kwa miaka mingi, wakawakausha na kuwauza kama kitoweo. Kitaalamu hiyo ni njia bora mara nyingi kuliko sumu, kwa sababu kinachokamatwa kinaonekana, na ndege asiye kwelea kwelea anaweza kuachiwa akiwa hai. Ombeni kibali na mafunzo halmashauri kabla ya kununua nyavu.

Pale ambapo sumu imenyunyiziwa, msile ndege hata mmoja wa eneo hilo, msipeleke mifugo, wala msichote maji ya karibu mpaka wataalamu waseme. Mizoga izikwe, isiachwe kwa mbwa na tai. Ukikuta bundi au tai aliyekufa, andika tarehe na mahali, piga picha, usimshike kwa mkono mtupu, na utoe taarifa.

Ngitili ni hifadhi

Watu wa Shinyanga na Tabora kaskazini walikuwa na maeneo ya kulindwa kabla ya mtu yeyote kuja na neno hifadhi lililoandikwa kwenye bango. Ngitili hufungwa mvua zinapoanza, nyasi na miti huachwa ikue, kisha hufunguliwa kiangazi kikikolea, kuanzia Julai hivi, kwa ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia. Nyingine ni za familia, nyingine za kijiji.

Kisha miti ilikatwa. Ilikatwa tangu wakati wa mkoloni kwa sababu ya mbung'o na mashamba ya pamba, na vijiji vilipohamishwa katika miaka ya 1970 ngitili nyingi zilibaki bila mwenyewe. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao badala ya kuleta miche ya kigeni tu uliwarudia wazee na kuuliza walivyofanya zamani. Mpaka mradi ulipokwisha mwaka 2004, ngitili zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi katika mkoa wa Shinyanga wa wakati ule. Kuni zilirudi, dawa za miti shamba zilirudi, na ndege walirudi, wakiwemo wengine ambao vijana hawakuwa wamewahi kuwaona.

Ngitili ya hekta mbili au tatu karibu na nyumba yako inaweza kuwa makazi ya ndege kuliko pori kubwa lililochomwa kila mwaka, ikiwa utafanya haya. Acha miti iliyokufa isimame. Mti mkavu wenye matundu ni nyumba ya hondohondo, kasuku na bundi, na bundi mmoja hula panya wengi wa ghalani. Hondohondo jike hujifungia ndani ya tundu kwa udongo wakati wa kutaga, akiacha ufa mwembamba wa kupokea chakula kutoka kwa dume. Ukikata mti huo kwa ajili ya kuni za siku tatu umeua familia nzima. Acha vichaka vya miiba katika pembe moja, usivipunguze. Usikate nyasi zote kwa mara moja, bakiza ukanda ambao haukuliwa mpaka mvua zianze. Kama ni lazima kuchoma, choma mapema, Mei au Juni, moto ukiwa mdogo na nyasi bado zina unyevu. Moto wa Septemba hupanda juu ya miti na kuteketeza viota vya ardhini.

Ulinzi wa ngitili hutegemea watu kukubaliana. Zamani hukumu ya aliyekata miti ilitolewa katika dagashida, baraza la jadi, mbele ya wote, na faini ililiwa na wote. Leo chukua makubaliano yale uyaweke pia kwenye karatasi: mkutano mkuu wa kijiji upitishe, halmashauri ya wilaya iidhinishe sheria ndogo, na eneo liingie katika mpango wa matumizi bora ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinaruhusu kijiji kutenga msitu wake. Ngitili isiyo na karatasi huishi mpaka mwenyekiti abadilike.

Ukiondoka Wembere

Tabora mjini, bwawa la Igombe na lile la Kazima ni mahali rahisi kwa wanafunzi kuanzia. Zaidi ya hapo ni miombo: mitundu, mininga na miyombo inayotoa majani mekundu kabla ya mvua. Ndege wa miombo hutembea kwa makundi mchanganyiko, kwa hiyo unaweza kukaa saa nzima bila kuona kitu, kisha ndani ya dakika kumi ukapitiwa na aina kumi. Usivunjike moyo, kaa.

Njia ya misafara iliyowaleta wasafiri Waingereza Burton na Speke Tabora mwaka 1857 ilileta pia wakusanyaji wa ndege. Mjerumani Richard Böhm alikaa Kakoma na Igonda, kusini mwa Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1880, na ndege watatu wa Afrika bado wana jina lake katika lugha za Ulaya. Aliishi kwa ukarimu wa Wanyamwezi na hakika alionyeshwa na wenyeji mengi aliyoyakusanya. Majina yao hayakuandikwa kwenye ndege.

Huku kwenye miombo ndiko aliko mlembe, ndege aongozaye watu kwenye asali. Hupiga kelele ya kuparuza karibu na mtu, huruka mti hadi mti akionyesha manyoya meupe ya mkia, na husubiri nta baada ya mrina asali kuondoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba mlembe wa nchi ya Wahadzabe, karibu na Eyasi, huitikia miluzi ya Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko miito ya watu wa mbali. Ndege amejifunza lugha ya jirani yake. Rina kwa moshi mdogo, mwachie mlembe sega lenye nta, na pendelea mizinga ya mbao: kubandua gome la mti mzima kwa mzinga mmoja huua mti huo.

Ugalla ilikuwa pori la akiba, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Julai hadi Oktoba mto hubaki mabwawa, samaki husongamana, na ndege wa maji hufuata. Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, si fedha taslimu, na usafiri lazima uwe wako au wa kukodi. Hapo kabla wavuvi na warina asali waliruhusiwa kuingia kwa msimu, na hadhi mpya iliwafungia njia. Hifadhi imepata ulinzi, wao wamepoteza kipato, na ni haki kulisema hilo kila inapotajwa Ugalla. Ukiweza, lala na ununue asali katika vijiji vya Ipole au Uyumbu, ambako jumuiya za hifadhi za wanyamapori zinamilikiwa na vijiji vyenyewe.

Malagarasi na Muyovozi, magharibi zaidi, ni eneo oevu la kwanza la Tanzania kuingia katika Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000, lenye hekta 3,250,000. Humo mna yule korongo mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana mno, anayesimama saa nzima akingoja kambare au kamongo. Kumfikia kunahitaji mtumbwi, mwenyeji, kibali na siku nyingi. Usiahidiwe na mtu yeyote kwamba utamwona kwa safari ya siku moja.

Daftari la lambo moja

Sehemu ya mwisho ni ya kazi ya mwaka mzima. Chagua lambo au dimbwi moja unaloweza kufika kwa miguu. Lihesabu mara moja kila mwezi, saa ileile, na Januari usikose, kwa sababu mwezi huo ndege wa maji huhesabiwa katika nchi nyingi kwa wakati mmoja. Andika tarehe, saa, kimo cha maji, idadi ya ng'ombe, aina za ndege na idadi yao. Usiyemjua mchore au umwandikie sifa zake. Andika pia usichokiona: mwezi ambao korongo taji hawakuja ni habari. Peleka kumbukumbu eBird, wajulishe Nature Tanzania au Tanzania Bird Atlas, ambao wamekusanya taarifa za nchi nzima na wana nafasi nyingi tupu huku kwetu.

Nakala nyingine ipeleke ofisi ya kijiji na kwa afisa wanyamapori wa wilaya, igongwe muhuri wa kupokelewa. Mpango wa matumizi ya ardhi utakapopitiwa upya, na mtu akaomba dimbwi lile ligawiwe mashamba ya mpunga, karatasi hiyo ndiyo itakayowekwa mezani.